Meli ilizama, babu akapona, magazeti yakanyamaza

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kila ukoo hakukosi kisa kimoja ambacho wazee hukisimulia nao vijana hukisikiliza kwa sikio moja tu. Katika ukoo wetu kisa hicho kilikuwa cha meli.

Marehemu babu yangu alizaliwa na kukulia Machakos. Hakuiona bahari hata siku moja mpaka alipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, akiwa tayari amevaa magwanda ya jeshi. Jioni, hasa mvua iliponyesha na watoto tukakosa pa kuchezea, alitukusanya karibu na moto na kutuambia jinsi walivyosafirishwa kwa gari-moshi hadi Mombasa, wakapakiwa melini pale Kilindini, wakakaa baharini siku kadhaa, kisha mchana mmoja mishindo miwili ikatokea na meli ikatoweka.

"Ilikwisha kabla ya mtu kumaliza kuvuta sigara moja," alikuwa akisema.

Kisha alifikia pale ambapo watu wazima walianza kutazamana. Alisema kwamba akiwa majini, ameshikilia ubao, macho na koo vimejaa mafuta, manowari ya upande wetu wenyewe ilikuja mbio na kuripua mabomu katikati ya watu waliokuwa wakiogelea. "Wenzetu ndio waliotumaliza," alisema, kisha akanyamaza na kuomba chai.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Ni nani angeamini kwamba Waingereza waliwapiga askari wao wenyewe majini? Ami zangu walisema vita vilikuwa vimemharibu akili mzee. Kijijini yalisemwa mabaya zaidi. Ilidaiwa kwamba babu hakupanda meli yoyote. Eti alitoroka jeshi palepale Mombasa, akajificha akifanya vibarua mpaka vita vikaisha, na kurudi nyumbani mwaka 1946 pamoja na askari wengine kana kwamba naye alikuwa vitani. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kiliungua pamoja na nyumba yake ya nyasi, kwa hiyo hakuwa na cha kuwaonyesha waliomcheka.

Lakini kicheko hakikuwa jambo zito. Jambo zito lilikuwa rafiki yake. Vijana hao wawili walijiunga na jeshi siku moja, wakapelekwa kikosi kimoja cha mizinga. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Dada mdogo wa yule asiyerudi angali hai hadi leo. Mwaka 1944 alikuwa msichana wa miaka 12, na sasa amepita miaka 90. Sisi sote twamwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Tangu nipate akili zangu, sijapata kumwona Susu akimpa mkono mtu yeyote wa nyumba ya babu. Aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba babu alimtoroka kaka yake na kumwacha aende kufa peke yake.

Babu alifariki mwaka 2001. Kwa muda mrefu nilidhani amekwenda na ukweli wake kaburini. Nilipokuwa mwandishi wa magazeti ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningalifaa kuliuliza zamani: ikiwa kweli meli iliyojaa askari ilizama, je, magazeti ya siku zile yalisema nini?

Nilianza na kosa

Jumamosi yangu ya kwanza maktabani ilipotea bure. Niliomba magazeti ya miaka ya vita, nikaletewa majalada mazito yenye harufu ya vumbi, na nikaanza kufungua ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta neno "meli". Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimesoma habari za Libya, Ethiopia, Madagascar na bei ya mahindi, lakini sikuwa na chochote.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa meza ya pili, ambaye bila shaka alikuwa amenihurumia, aliniuliza ninatafuta tarehe gani. Nikamwambia sijui. Akacheka. "Kijana," akasema, "gazeti ni kama basi. Kama hujui siku na saa, utakaa stendi mpaka usiku."

Nilirudi Machakos kwa ami yangu mkubwa, nikamwomba anisimulie kisa cha babu upya, pamoja na yale mambo madogo ambayo sisi watoto tulikuwa tukiyapuuza. Akakumbuka matatu. La kwanza, babu alisema melini mlikuwa na manesi wengi wa kizungu. La pili, walikuwa wakienda Ceylon, nchi ambayo tangu 1972 yaitwa Sri Lanka. La tatu, ilikuwa Jumamosi mchana.

Nikiwa na mambo hayo matatu niliviendea vitabu vya historia ya meli za vita. Haikunichukua hata saa moja. Meli iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na manesi, ikazamishwa siku ya Jumamosi, ni moja tu. Iliitwa Khedive Ismail.

Dakika mbili tu

Meli hiyo iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni moja ya Chile, na jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilinunuliwa na Wamisri, wakaipa jina la mtawala wao wa zamani, Khedive Ismail, ambaye Mfereji wa Suez ulifunguliwa wakati wa utawala wake mwaka 1869. Vita vilipopamba moto, Uingereza iliichukua ikawa ya kubebea majeshi.

Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini ikiwa katika msafara wa meli tano za abiria, uliolindwa na meli ya kivita Hawkins na manowari mbili, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511 pamoja na mabaharia. Kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao vijana wa Kiafrika kutoka nchi hizi zetu. Walikuwa wakienda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikijiandaa Ceylon kabla ya kuingia Burma kupambana na Wajapani. Wengine walikuwa wanamaji wa Uingereza, na wanawake zaidi ya 80, wakiwemo manesi.

Mchana wa Jumamosi, Februari 12, msafara ulipokuwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliifyatulia meli hiyo makombora manne ya topido. Mawili yalilenga shabaha. Mishindo miwili, kama alivyosema babu. Meli ilipinduka na kuzama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Ndipo nikafika mahali pa kisa nilipokuwa nikipaogopa. Nyambizi ile haikukimbia. Ilijificha chini ya maji, karibu na pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari zilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuwaokoa kwanza waliokuwa majini na kuiacha nyambizi izamishe meli nyingine zilizojaa askari, au kuishambulia nyambizi wakati watu wangali majini. Wakubwa waliamua kushambulia. Mabomu ya kuripuka chini ya maji yalitupwa, na baadhi ya walionusurika topido wakauawa na mripuko wa mabomu hayo.

Nilikifunga kitabu, nikatoka nje kupunga hewa. Mzee wetu hakuwa amerukwa na akili. Jambo lile ambalo lilimfanya achekwe kwa zaidi ya miaka hamsini lilikuwa limeandikwa waziwazi katika historia ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza.

Nyambizi ilipanda juu ikiwa imejeruhiwa. Paladin ilijaribu kuigonga, ikatoboka yenyewe. Petard, manowari ile ile ambayo mwaka 1942 mabaharia wake walitoa vitabu vya siri vya Wajerumani katika nyambizi iliyokuwa ikizama, iliendelea kuipiga, na mwishowe topido moja ikaimaliza I-27. Walionusurika walipelekwa kwanza kisiwa cha Addu huko Maldives.

Watu 1,297 walifariki siku hiyo. Waliookoka walikuwa 214, wanaume 208 na wanawake sita. Wanahistoria waihesabu ajali hiyo kuwa miongoni mwa zilizoua watu wengi zaidi katika meli za upande wa Uingereza na washirika wake katika vita hivyo. Hakuna ajali nyingine iliyoua wanajeshi wanawake wengi kiasi hicho katika historia ya Jumuiya ya Madola. Lakini kikosi kilichopoteza watu wengi kuliko vyote ni kile cha akina babu.

Kimya cha magazeti

Sasa nilikuwa na tarehe. Nilirudi maktabani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikafungua magazeti ya wiki ile ya Februari 12, kisha ya wiki iliyofuata, kisha ya wiki ya tatu.

Hakukuwa na chochote. Zilikuwepo habari za Italia, ambako majeshi yalikuwa yakipigania mlima wa Monte Cassino. Zilikuwepo za Urusi. Yalikuwepo matangazo ya sabuni, ya sinema na ya nyumba za kupanga. Meli iliyoondoka bandari yetu wenyewe ikiwa na vijana wetu karibu elfu moja haikutajwa hata kwa mstari mmoja.

Sababu si ngumu kuielewa. Wakati wa vita kila gazeti lilikuwa chini ya macho ya wakaguzi wa serikali. Habari ya meli kuzama ingemwambia adui kwamba shabaha yake imefaulu, na njia ipi meli zapitia. Tena ingewavunja moyo wazazi ambao vijana wao walikuwa bado wakitakiwa kuandikishwa. Kwa hiyo mambo kama hayo yalifichwa, na yalipotolewa yalitolewa kwa kuchelewa na kwa ufupi.

Na hata yalipotolewa, hayakutolewa kwa usawa. Melini mlikuwa na mwandishi mmoja wa habari za vita, Mwingereza Kenneth Gandar-Dower, ambaye katika miaka ya 1930 alipata sifa kwa kuwapeleka duma wa Kenya hadi London wakashindane mbio. Yeye aliandikiwa habari zake, na hadi leo ukitafuta jina lake utalipata kwa urahisi. Askari wa Kiafrika aliyekufa saa ile ile, katika meli ile ile, aghalabu alibaki kuwa namba katika orodha.

Nilikaribia kukata tamaa. Nilikuwa na hakika kwamba kisa ni cha kweli, lakini sikuwa na hakika kwamba babu alikuwemo. Mtu aliyetoroka Mombasa angeweza kuvisikia visa hivi kwa wenzake na kuvifanya vyake. Hilo ndilo Susu angeniambia, na asingekuwa na kosa.

Barua ya mistari michache

Ni yule yule mzee wa meza ya pili aliyenifungua macho. "Umesoma habari," akaniambia. "Je, umesoma barua?"

Siku zile magazeti ya Kiswahili yalikuwa na kurasa za barua ambazo wasomaji walizipenda kuliko habari zenyewe. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilisomwa sana na askari, nao waliliandikia. Yalikuwepo pia magazeti yaliyochapishwa na jeshi lenyewe. Mtu aliyekuwa ng'ambo, ambaye wazazi wake hawakujua kusoma, aliandika salamu gazetini akijua kwamba mwalimu wa kijiji au karani wa chifu angezisoma kwa sauti mbele ya watu.

Nikaanza upya. Safari hii sikuutazama ukurasa wa kwanza kabisa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye barua, kuanzia Machi 1944, juma baada ya juma. Karatasi za zamani huvunjika kama chapati iliyokauka, kwa hiyo ilinibidi kufunua polepole. Majina nayo yalinitesa, maana karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Jina moja laweza kuandikwa kwa njia nne.

Jumamosi ya sita, saa tano asubuhi, nililiona jina la babu.

Barua ilikuwa ya mistari michache, katika gazeti la katikati ya mwaka 1944. Ilikuwa na jina lake, jina la baba yake, namba yake ya jeshi na anwani ya posta ya jeshi. Alikuwa akiwasalimu wazazi wake na kuwaambia ni mzima. Meli hakuitaja, wakaguzi wasingemruhusu. Lakini baada ya salamu kwa wazazi wake aliongeza sentensi moja akimtaja kwa jina mama wa rafiki yake, akimwomba apokee salamu za mwanawe wa pili na awe na moyo wa kuvumilia.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi mpaka msimamizi wa chumba akaja kuniuliza kama kuna tatizo.

Fikiria, msomaji. Mtu aliyetoroka jeshi na kujificha haandiki gazetini jina lake, namba yake na anwani ya kikosi chake. Angekamatwa kabla ya wino kukauka. Katikati ya 1944, wakati kijiji kilipodai kwamba alikuwa vibaruani Mombasa, babu alikuwa askari, yupo kazini, naye alikuwa tayari amejua kwamba mama wa rafiki yake anahitaji uvumilivu. Hakuweza kusema kwa nini. Alisema alichoruhusiwa kusema.

Kwa nini barua hiyo haikuwafikia? Huenda gazeti halikufika kijijini juma lile. Huenda lilifika likafungiwa sukari dukani. Nalo neno la mtu lisipofika, nafasi yake hujazwa na uvumi.

Ukuta wa Barabara ya Ngong

Lilikuwa limebaki jambo moja: rafiki mwenyewe. Aliyeokoka hutafutwa katika barua na masimulizi, lakini aliyekufa vitani ana mahali pake pa kutafutwa.

Wakazi wengi wa Nairobi hupita kila siku katika Barabara ya Ngong bila kujua kwamba kando yake kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Pili. Yanatunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917. Ndani yake upo Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana. Wengi wa Khedive Ismail hawana kaburi ila bahari, na mnara huo ni wao pia.

Mtu yeyote aweza kuingia, bila malipo. Mahali penyewe ni tulivu, nyasi zimekatwa, maua yamepandwa. Majina yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo ukijua kikosi, kazi yako imepungua. Nilipata majina ya watu wa mizinga, nikateremsha kidole polepole, nikalipata. Herufi moja ilikuwa imekosewa. Nilipoangalia kumbukumbu za tume, tarehe ya kifo iliyoandikwa mbele ya jina hilo ilikuwa Februari 12, 1944.

Watu wawili walioandikishwa siku moja, kikosi kimoja. Mmoja alikufa katika meli hiyo siku hiyo. Mwingine, miezi michache baadaye, alimtumia mama wa mwenzake ujumbe wa kuvumilia, na hadi kufa kwake alisimulia mishindo miwili na mabomu ya majini ambayo hakuna mtu mwingine kijijini aliyeyajua. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa mahakamani. Kwangu mimi umetosha.

Wewe nawe waweza

Si watu wa bara tu wenye visa vya aina hii. Katika kisiwa cha Pate, Lamu, zipo familia zisemazo kwamba zimetokana na mabaharia wa China waliookoka meli yao ilipovunjika karne ya 15, na mwaka 2005 msichana mmoja wa huko alipewa nafasi ya kwenda kusoma China kwa sababu ya nasaba hiyo. Huko hakukuwa na magazeti. Watafiti walitegemea masimulizi na vigae vya vyombo. Sisi ambao wazee wetu waliishi zama za magazeti tuna bahati, lakini tusipoitumia haitufai kitu.

Ukitaka kuanza, anza nyumbani. Waulize wazee waliobaki, tena mmoja mmoja, maana wakiwa pamoja mmoja husema na wengine huitikia. Andika majina yote: la kuzaliwa, la ubatizo au la dini, la utani, la baba, la mtaa na la chifu wa wakati huo. Usiyapuuze mambo madogo. Mimi niliokolewa na manesi na siku ya Jumamosi.

Pili, pata tarehe kabla ya kulifungua gazeti. Tatu, usitafute siku ya ajali tu. Tafuta mwezi mmoja baadaye, miezi sita baadaye, na kila mwaka siku ya kumbukumbu. Soma barua, soma salamu, soma matangazo ya vifo na ya mirathi. Gazeti rasmi la serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yanapatikana katika intaneti, nalo huficha majina mengi.

Kwa wakazi wa Nairobi, Makavazi ya Kitaifa yapo katika Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, nayo inajulikana kwa mkusanyo wake wa magazeti ya zamani. Kabla ya kufunga safari uliza kwanza kama chumba cha magazeti kiko wazi. Babu yangu, hata kama angalijua kusoma kiasi gani, asingaliruhusiwa kuingia McMillan mwaka 1944, maana wakati huo Mwafrika hakukaribishwa humo. Leo mjukuu aketi atakapo.

Kwa wenye intaneti, orodha ya waliokufa katika vita vyote viwili yaweza kutafutwa bila malipo katika mtandao wa tume ya makaburi ya vita. Maktaba ya Taifa ya Australia nayo imeweka magazeti yake ya zamani wazi kwa kila mtu katika mtandao uitwao Trove, na humo hupatikana habari za sehemu nyingi za dunia. Jaribu jina kwa tahajia zote uwezazo kufikiri.

Mwisho, usiamini gazeti moja. Gazeti laweza kukosea, laweza kunyamazishwa. Lilinganishe na kitabu, na orodha, na maneno ya mzee wako.

Mkono wa Susu

Nilikwenda kwa Susu Jumapili moja alasiri, nikiwa na nakala ya barua na picha ya ukuta. Alikuwa amekaa chini ya mwembe akipukuchua mbaazi. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua macho, kama kawaida yake kwa watu wa nyumba yetu.

Nilimsomea barua. Alipolisikia jina la mama yake, vidole vyake viliacha kazi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha nikamwonyesha picha ya jina la kaka yake, nikamweleza kuhusu meli, dakika mbili, na bahari. Nilimwomba msamaha kwamba herufi moja imekosewa.

"Si kosa," akasema. "Karani wa jeshi alimwita hivyo hivyo. Alipokuja likizo alitufanya tucheke kwa jina hilo."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza swali moja: je, babu yako alijua kwamba sisi tulikuwa tukimlaumu? Nikamwambia ndiyo, alijua. "Na hakusema kitu?" Nikamwambia alisema, ila watu hawakumwamini.

Nilipoinuka kuaga, Susu aliupangusa mkono wake kwa leso na kunipa. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Ameniagiza nimpeleke Barabara ya Ngong kabla ya mvua za masika, naye atapeleka udongo kidogo wa shamba la baba yake akauweke chini ya ukuta.

Nami nimejifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi na mwanafunzi asomaye ukurasa huu alifikirie. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafariki. Wapo walioogelea wakafika ufukweni. Leo ni baba na mama za watu, na baadhi ni babu. Je, wajukuu wao watawaamini? Ukikutana na mmoja wao, keti, msikilize mpaka mwisho, na uandike tarehe. Usingoje miaka hamsini ndipo uende kumtafuta katika karatasi zinazovunjika.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Lakini ni heri zaidi yule aliyemuuliza mwenye kisa angali hai.